Jamaa wa Ubaruku Aliyeambiwa Kompyuta Yake Imekufa, Siku Tatu Kabla Dirisha la Mikopo Kufungwa

Kuna uongo mmoja ambao karibu kila mwenye steshenari Bongo ameshawahi kuutumia. Mteja anaingia, kuna kitu kimegoma, na kabla hajamaliza hata salamu anaambiwa: "Mtandao unasumbua." Mteja anaguna, anaondoka, anarudi mchana. Hakuna anayehoji, maana mtandao kweli husumbua, na mtandao hauna mdomo wa kujitetea.

Jamaa mmoja wa Ubaruku, kule Mbarali mkoani Mbeya, aliutumia uongo huo mara mbili ndani ya siku moja, mwezi wa nane mwaka 2025. Mara ya tatu ukamshinda.

Kwa wasiopajua, Ubaruku ni mji wa mpunga. Ukiacha barabara kuu ya Tanzam ukaingia Rujewa, makao makuu ya wilaya, unaendelea ndani ya bonde la Usangu mpaka unaanza kusikia mashine za kukoboa. Ndo kwenye lile shamba kubwa la mpunga la Mbarali, lililojengwa kwa msaada wa China miaka ya 1970. Mwezi wa nane mavuno yameshaingia, mashine zinanguruma kutwa nzima, vumbi la pumba linatua mpaka kwenye kikombe cha chai, na hela inazunguka. Hata steshenari ya jamaa hupumua msimu huo: mikataba ya kukodisha mashamba, barua za maombi ya kazi, picha za paspoti, na zaidi ya vyote, maombi ya mikopo ya chuo.

Chombo chake cha kazi ni laptop moja ya mtumba na printa moja yenye skana juu yake. Betri ya hiyo laptop ni ya mapambo tu. Ukichomoa chaja, inazima hapo hapo.

Zamani ilikuwa na Windows kama za wenzake. Tatizo likawa flashi za wateja. Huyu kaleta CV, yule kaleta mtihani wa darasa la nne, na kila flashi inakuja na virusi vyake. Leo mafaili yote yamegeuka kuwa alama za njia ya mkato, kesho mashine inachukua dakika kumi kuwaka. Jamaa alikuwa amesoma stashahada ya kompyuta Mbeya mjini, akarudi nyumbani baada ya kusota na bahasha miaka miwili. Siku moja akaamua kuweka Linux, ile ya Ubuntu. Virusi vya kwenye flashi vikakosa pa kushika. Mashine ikawa nyepesi, na hakudaiwa hela ya leseni.

Hiyo Ubuntu ilianzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth, raia wa Afrika Kusini ambaye miaka miwili kabla ya hapo alikuwa ameenda anga za juu. Jina lenyewe Mbantu yeyote halimpi shida: ni utu. Na mwaka huohuo wa 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kupitia mradi wa Kilinux kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia yenye menyu za Kiswahili. Kwa hiyo mambo haya si ya Wazungu peke yao, hata kama ukimtajia Linux fundi wa mtaani anakuangalia kama umemtajia mganga.

Sasa tuingie kwenye kisa chenyewe.

Toleo alilokuwa nalo jamaa, Ubuntu 20.04, liliacha kupata masasisho ya kawaida mwezi wa tano 2025. Kila akiwasha mashine anaona ujumbe kwamba toleo jipya lipo, bonyeza hapa. Miezi mitatu akaupotezea. Jumatano moja usiku, siku nne kabla dirisha la mikopo kufungwa, akanunua bando la usiku na kubonyeza.

Kwa nini usiku ule na si wiki iliyofuata? Mwenyewe akiulizwa leo anacheka tu. Bando lilikuwa la bei chee, alikuwa ameona video ya muonekano mpya, na kichwani alijipa saa tatu tu. Wazee walishasema, kinachofanya kazi usikiguse. Yeye akakigusa.

Mafaili yakashuka vizuri. Saa nane usiku mashine ikaanza kusimika, mistari inapita kwenye skrini kama treni. Saa tisa umeme ukakatika. Na betri ni ya mapambo, si unajua tena. Kikawa giza.

Asubuhi umeme uliporudi aliwasha huku anasali. Mashine ikawaka! Sura mpya, rangi mpya, jamaa akashusha pumzi. Kisha akaangalia kona ya juu. Alama ya waifai haipo. Akafungua mipangilio, akaambiwa hakuna kifaa cha waifai kilichopatikana. Akajaribu kupiga wimbo, kimya, kana kwamba mashine haijawahi kuwa na spika. Akatuma karatasi ya majaribio kwenye printa. Printa imewaka taa ya kijani, waya umechomekwa, lakini kompyuta inasema haina printa yoyote.

Wakati huo huo mlangoni pakasikika: "Hodi humu."

Alikuwa mama mmoja anayepepeta mchele kwenye mashine, na bintiye aliyemaliza kidato cha sita. Baba wa binti alifariki miaka kadhaa nyuma. Fomu ya mkopo jamaa ndiye aliyeijaza, na vyeti vyote alivipiga skani yeye, mpaka cheti cha kifo cha baba. Nakala halisi ya cheti hicho ilikuwa kwa baba mdogo wa binti, safari ya siku nzima kutoka pale. Siku hiyo kilichobaki kilikuwa kuchapa fomu. Halafu fomu isainiwe na mdhamini, iende kwa mtendaji, ipelekwe kwa kamishna wa viapo Rujewa, irudi, kurasa zenye saini zipigwe skani na kupandishwa. Ukihesabu vizuri, siku tatu ni chache.

"Shikamoo mama," jamaa akasema.

"Marahaba mwanangu. Tumekuja ile karatasi."

Hapo ndo ulimi ukamtangulia. "Mama, mtandao unasumbua leo. Mrudi mchana."

Mchana wakarudi. Mama alikuwa na pumba kwenye kilemba, maana aliomba ruhusa kwa msimamizi, na pale asiyepepeta halipwi. Jamaa akarudia: "Bado mtandao, mama. Ngoja niufuatilie." Binti akamwangalia kidogo, akaangalia simu yake ndogo yenye mtandao umejaa, hakusema kitu.

Simu janja jamaa anayo, na wazo la kuipa kompyuta intaneti kwa waya lilimjia. Ila waya wake wa elfu moja ulikuwa wa kuchajia tu, haupitishi kingine. Saa nane akafunga duka, akapakia laptop kwenye begi, akarukia bodaboda hadi Rujewa kwa fundi.

Fundi hakumaliza hata dakika tano. "Mdogo wangu, kadi ya waifai imeungua. Umeme umerudi kwa nguvu, umepiga kadi, umepiga na sauti. Halafu hii Linux yako ndo inaua mashine. Nikuwekee kadi nyingine, nikupigie Windows, usahau haya mateso."

"Bei gani?"

"Kadi thelathini na tano, Windows ishirini, ufundi kumi. Sitini na tano yote."

Mfukoni jamaa alikuwa na sabini elfu. Haikuwa yake. Ilikuwa hela ya kikoba ya mkewe, aliyopewa asubuhi aipeleke kwa mweka hazina kesho yake. Alishaanza kuihesabu. Fundi naye alishatoa flashi yake yenye Windows na kuichomeka.

Kilichomshtua ni hiyo flashi. Akakumbuka kwamba kupiga Windows kwa fundi wa haraka maana yake ni kufuta diski yote. Fomu, vyeti, kile cheti cha kifo, kazi za wateja za miaka minne. Fundi hakuuliza kama kuna kitu cha maana humo ndani. Kwa kweli ni wachache wanaouliza.

Jamaa akafunika laptop. "Kaka, nipe mpaka kesho." Fundi akabetua mabega, akamwambia kesho bei inaweza kupanda.

Njiani kurudi, vumbi la barabara likiwa usoni, kulikuwa na kitu kinamsumbua kuliko hata hiyo mashine. Mama yule alikuwa amepoteza kibarua cha siku nzima akisubiri mtandao ambao haukuwa na shida yoyote.

Alipofika nyumbani alifanya jambo la kwanza la akili tangu jana usiku. Akafuta misimu miwili ya tamthilia ya Kituruki kwenye flashi yake, akahamishia humo mafaili yote ya kazi. Flashi ilisomeka bila tatizo. Halafu akaiweka mfukoni, akatembea kwa miguu mpaka kwa mama yule. Aliwakuta wanachambua maharage.

"Mama," akasema, "mtandao haukuwa na shida. Mimi niligusa kompyuta usiku, nikaiharibu. Mafaili ya binti yote yako humu. Kesho asubuhi mapema anaweza kwenda kuchapia Rujewa, nauli nitatoa mimi."

Mama hakufoka. Labda angefoka ingekuwa nafuu. Alisema tu: "Mwanangu, ungeniambia asubuhi, ningepanda gari la asubuhi."

Hiyo sentensi jamaa anasema hajaisahau mpaka leo.

Binti ndiye aliyeuliza swali la maana. "Kwani kaka, hiyo kadi umeiona imeungua?"

"Fundi kasema."

"Yeye kaiona?"

Jamaa akakosa jibu. Hakuna aliyefungua mashine. Fundi aliangalia skrini, skrini ikasema haioni kadi, naye akahukumu kwamba kadi imekufa. Wakakubaliana: binti atapita kwake kwanza alfajiri. Ikishindikana, anapanda gari.

Saa nne usiku jamaa akakaa mbele ya mashine, safari hii bila papara. Akakumbuka mwalimu wake mmoja wa chuo aliyekuwa akisema kwamba kuna maswali mawili watu huyachanganya. La kwanza: kifaa kipo? La pili: kuna anayeweza kuongea nacho? Usijibu la pili ukadhani umejibu la kwanza.

Akafungua ile skrini nyeusi ya amri, akaandika lspci, amri inayoorodhesha vifaa vilivyounganishwa ndani ya mashine. Mistari ikamwagika. Wa tatu kutoka chini: kadi ya waifai, jina lake kamili. Juu yake kidogo: kifaa cha sauti. Akaandika lsusb, ya vifaa vya kuchomeka kwa nje. Printa hiyo hapo, na jina lake la kiwandani.

Wote walikuwepo. Kadi iliyoungua kabisa kwa kawaida hata jina haitaji.

Akarudia ya kwanza akiongeza kiambishi, lspci -k, ambayo inaonyesha pia ni draiva gani inakihudumia kila kifaa. Vifaa vingine vina draiva zao. Kwenye waifai na sauti, sehemu ya draiva inayotumika haipo kabisa.

Kwa asiyejua, iko hivi. Ndani ya Linux kuna kiini kinaitwa kerneli, ndicho kinachosimamia kila kitu. Ichukulie kama mtendaji wa kijiji. Vifaa ni wananchi wanaokuja ofisini, ila kila mmoja anaongea lugha yake. Draiva ni mkalimani. Usangu wanalijua hili vizuri, maana bonde lile lina Wasangu, Wahehe, Wabena, Wanyakyusa, Wasukuma na wengine kibao. Mtu anaweza kukaa barazani kutwa nzima, mzima wa afya, na asihudumiwe, kwa sababu tu mkalimani hajafika. Ukipita ukauliza, mtendaji anakujibu hakuna mtu.

Swali likabaki moja: wakalimani wameenda wapi? Akaandika uname -r kuona ni kerneli ipi inafanya kazi. Ni mpya, iliyokuja na toleo jipya. Akaingia kwenye folda ya /lib/modules, ambako draiva hukaa. Mle kulikuwa na folda mbili, ya kerneli ya zamani na ya kerneli mpya. Ya zamani imejaa. Ya mpya ni nyembamba, na kwenye sehemu ya waifai hamna kitu.

Hapo picha ikaja yote. Kwenye Ubuntu, sehemu kubwa ya draiva za waifai na sauti huja kwenye kifurushi cha pembeni kinachoitwa linux-modules-extra. Umeme ulipokatika saa tisa, kerneli mpya ilikuwa imeshaingia, lakini kifurushi hicho kilikuwa bado kwenye foleni. Printa nayo ilikuwa na kisa kile kile: programu inayoihudumia iliachwa nusu, haijakamilishwa kusimikwa. Hakuna kilichoungua. Mtendaji mpya alianza kazi kabla wakalimani wake hawajashuka kwenye gari.

Na mtendaji wa zamani bado yupo! Linux huwa haifukuzi kerneli ya zamani mara moja. Jamaa akawasha upya mashine, akashikilia kitufe cha Shift mpaka menyu ikatokea, akaingia kwenye machaguo ya ziada, akachagua kerneli ya zamani. Moyo unadunda.

Alama ya waifai ikarudi kwenye kona yake. Akapiga wimbo, spika zikalia kwa nguvu mpaka mkewe akaamka chumbani. "We baba, saa hizi?" Jamaa akashusha sauti, anacheka peke yake.

Akaunganisha waifai na simu. Halafu akatoa amri mbili tu, sudo dpkg --configure -a ya kumalizia vifurushi vilivyoachwa nusu, na sudo apt --fix-broken install ya kurekebisha vilivyokosa wenzao. Akahakikisha linux-modules-extra ya kerneli mpya imeingia. Akasubiri. Safari hii alikuwa ameazima betri la sola la jirani na kifaa chake cha kugeuza umeme, chaja ikachomekwa huko. Akili ya kukatikiwa umeme mara moja inatosha.

Saa nane na nusu usiku akawasha upya, akaingia na kerneli mpya. Waifai ipo. Sauti ipo. Akatuma karatasi ya majaribio. Printa ikakoroma, ikatema karatasi ya moto.

Alfajiri binti alipofika, fomu ilikuwa mezani, imebanwa pini. Ijumaa hiyo hiyo mdhamini akasaini, mtendaji akagonga muhuri, mchana wakawa Rujewa kwa kamishna wa viapo. Jumamosi asubuhi kurasa zikapigwa skani na kupandishwa. Mkopo ulipotoka haukuwa asilimia mia, lakini ulitoka, na binti yuko chuo sasa hivi. Mama alilipwa fidia ya kibarua cha Alhamisi, japo alikataa mara mbili kabla ya kupokea. Hela ya kikoba ilifika kwa mweka hazina ikiwa kamili, na mke wa jamaa hakujua ilikuwa imebakiza dakika ngapi kupotea. Akisoma hapa, ndo atajua.

Wenye kompyuta za Linux, beba hii. Usipandishe toleo wiki yenye kazi ya mtu, na usilipandishe kwa umeme usio na uhakika. Hamisha mafaili kwanza, kabla ya fundi na kabla ya yote. Kifaa kisipoonekana baada ya kusasisha, uliza lspci na lsusb kwanza. Kikitajwa humo, kuna uwezekano mkubwa kwamba kizima na shida ni draiva. Jaribu kerneli ya zamani kabla hujanunua kitu chochote. Kisipotajwa kabisa, hapo sasa fundi ana haki ya kushika bisibisi.

Na wasio na habari na Linux, wana la kwao pia. Jamaa alirudi Ubaruku na stashahada yake, mtaa ukasema kijana wa watu kaishia kutoa fotokopi, kasoma bure. Mtaa ulihukumu kama fundi wa Rujewa, kwa kuangalia skrini. Usiku ule, elimu ile ile waliyosema imekufa ndiyo iliyookoa fomu ya binti wa watu.

Siku hizi kwenye ile steshenari ukikuta kitu kimegoma, utaambiwa kimegoma nini, tangu lini, na kama uende kwingine. Wateja wengine wanaona jamaa anaongea sana. Ila yule mama akipita kutoka kwenye mashine husimama mlangoni, akapangusa pumba, akauliza kwa kejeli: "Mwanangu, mtandao vipi leo?"

Jamaa huinamisha kichwa, anacheka, anajibu: "Upo mama. Leo upo kweli."

Haya, semeni ukweli: umeshawahi kuambiwa "mtandao unasumbua" mara ngapi, na ungekuwa wewe ndo mama yule, ungerudi tena dukani kwa jamaa?